Sahihi Kumi na Nne za Jumapili Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Chuo cha Mafundi wa Ndege Nairobi

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja kidogo cha mafundi wa ndege jijini Nairobi. Nimeondoa jina la chuo, mwaka, majina ya wahusika na aina ya ndege iliyokuwa karakanani, na idadi nimezigeuza kidogo, kwa sababu mafundi wa ndege wa mji huu wanajuana na hutambuana kwa vitu vidogo. Mimi nilikuwa meneja wa ubora wa chuo hicho. Niliingia kazini wiki tano kabla ya ukaguzi ninaousimulia.

Ninaandika kwa ajili ya walimu, wakurugenzi na maofisa wa ubora wa vyuo kama hiki, lakini pia kwa mzazi anayetafuta pa kumpeleka mtoto. Mzazi huyo huonyeshwa ndege iliyo karakanani. Ni nadra sana aonyeshwe rejista.

Chuo na wakubwa wake wawili

Chuo cha mafundi wa ndege Kenya hujibu kwa mamlaka mbili. TVETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hukitazama kama chuo: majengo, walimu, mitaala, diploma. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kwa Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka huohuo wa 2013, hukitazama kama shirika lililoidhinishwa kufundisha watu watakaokuja kutia sahihi kwamba ndege hii iko salama kuruka. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kwanza bila cha pili, na hapo ndipo wazazi wengi hupotelea, kwa kuwa kwenye bango la barabarani vyote viwili huonekana kitu kimoja.

Tofauti yake ni hii. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa leseni za anga duniani, kinamtaka anayeomba leseni ya matengenezo ya ndege awe na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua na kutengeneza ndege. Akiwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa, miaka hiyo hushuka hadi 2. Miaka 2 ya ujana wa mtu ndiyo bidhaa ambayo chuo chenye kibali kinauza. Kibali kikitetereka, au mafunzo yake yakikosa ushahidi, bidhaa hiyo haipo tena, hata kama kijana alifundishwa vizuri.

Kibali chenyewe hakitolewi kwa sifa. Nyongeza ya 2 ya Kiambatisho hicho inataka chuo kiwe na mwongozo wa mafunzo na taratibu, mfumo wa kujikagua ubora, walimu wenye sifa zilizoandikwa, majengo na vifaa vinavyotosha, na kumbukumbu za kila mwanafunzi zinazotunzwa angalau miaka 2 baada ya kumaliza. (Ulaya hawana ukomo: kumbukumbu za mwanafunzi hutunzwa daima.) Unaidhinishwa kwa yale uliyoandika kwamba utafanya. Neno hilo litarudi mbele.

Chuo chetu kilikuwa na darasa la mwaka wa pili la wanafunzi 22, na walimu wawili wa vitendo wenye leseni. Mmoja, ambaye nitamwita Mwalimu kama walivyomwita wote, alikuwa na zaidi ya miaka 30 ya hanga, yaani banda la kutengenezea ndege. Hakuna niliyemwona akifundisha kwa mikono vizuri kumshinda. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha kazi, na kila kazi ya karakana ilikuwa na mstari wake: tarehe, jina la kazi, ukurasa wa kitabu cha matengenezo uliofuatwa, namba ya kifaa kilichotumika, sahihi ya mwanafunzi, sahihi ya mwalimu.

Kiti changu kilikuwa kimekaa wazi miezi saba kabla sijakikalia. Mtangulizi wangu alipata kazi Ghuba akaenda. Katika miezi hiyo mkuu wa masomo alikuwa akishika kofia zote mbili, yaani alipanga mafunzo, kisha akajikagua mwenyewe kama ameyapanga vizuri.

Siku mbili za ukaguzi

Wakaguzi wa KCAA walikuwa wawili. Siku ya kwanza ilipita salama. Walikagua madarasa, vizima moto, leseni za walimu, kabati la vitabu vya matengenezo. Mkurugenzi alianza kutabasamu.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, mkaguzi mmoja aliingia karakanani akachagua kazi moja bila kutuuliza: kufunga bolti kwa waya wa usalama. Alimwita kijana aliyekuwa karibu na meza ya vifaa akamwambia, "Nionyeshe."

Kijana alipitisha waya kwenye tundu la kichwa cha bolti ya kwanza, akauzungusha, akausokota kwa koleo hadi bolti ya pili. Kabla hajaupitisha huko alisimama, akaonyesha kwa kidole kwamba waya lazima uvute upande wa kukaza, usivute upande wa kulegeza. Akamaliza, akakata, kisha akaikunja ncha ndani ili isije ikamchana mkono fundi atakayefuata. Mkaguzi aliupitishia ukucha mahali pa mkunjo. "Kazi safi," akasema. "Sasa niletee kitabu chako."

Kitabu kikaja. Mkaguzi akatafuta mstari wa kazi ileile, akaupata, akatazama tarehe, akatoa simu yake akafungua kalenda. Siku ile ilikuwa Jumapili. Akapandisha kidole mstari kwa mstari. Kazi kumi na nne zilikuwa na tarehe moja, zimeandikwa kwa kalamu moja ya buluu, na sahihi zote zimelala upande mmoja kama zimeandikwa na mkono uliochoka. Aliomba rejista ya darasa: Jumapili hiyo hapakuwa na kipindi. Aliomba kitabu cha mlinzi wa getini: hakuna mtu aliyeingia.

Nilidhani ameishia hapo. Lakini kati ya zile kazi kumi na nne, moja ilikuwa ya kukaza bolti za gurudumu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na namba ya spana ilikuwa imeandikwa. Akaenda kuitafuta ubaoni. Stika yake ya kalibresheni, yaani ya kuthibitisha kwamba inapima sawasawa, ilionyesha kwamba muda wake uliisha tarehe 9 ya mwezi ule. Tarehe ya kitabuni ilikuwa 21.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Mwalimu alieleza kwamba kazi ile haikufanywa tarehe 21. Ilifanywa siku fulani kati ya wiki tatu zilizotangulia. Huenda ilikuwa tarehe 5, na spana ilikuwa halali. Huenda ilikuwa tarehe 15, na spana haikuwa halali. Hakuna mtu, hata Mwalimu mwenyewe, aliyeweza kusema ipi. Tarehe moja ya uongo, iliyoandikwa bila nia mbaya, ilikuwa imefuta uwezekano wa kujua kama kifaa kilichomfundisha kijana mkazo sahihi kilikuwa sahihi chenyewe.

Kufikia mchana tulikuwa tumevifungua vitabu vyote 22. Kumi na saba vilikuwa na mtindo uleule.

Niliongea na Mwalimu chini ya mti ulio nyuma ya karakana. Alikuwa ametoa miwani, anaifuta na kuifuta. "Kazi walifanya, Madam. Nilisimama juu yao," aliniambia. Kipindi kikiisha saa kumi, alisema, vijana wanakimbilia matatu kabla Barabara ya Lang'ata haijafunga, naye amebaki anahesabu vifaa peke yake. Basi alikuwa akivikusanya vitabu, anavibeba nyumbani, anatia sahihi siku ya mapumziko. Nilimwamini. Baadaye, kama nitakavyoeleza, nililazimika kupunguza imani hiyo kidogo.

Ofisini kwa Mkurugenzi, saa kumi na mbili jioni

Tulikaa watu wanne. Njia zilizokuwa mezani zilikuwa tatu.

Mkuu wa masomo alisema stoo ina vitabu vipya vitupu. Wanafunzi waitwe kesho alfajiri, waandike upya kwa tarehe za vipindi halisi vya ratiba, Mwalimu atie sahihi, kisha tuwaambie wakaguzi kwamba vile vya mwanzo vilikuwa vya rasimu. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayetaka kuokoa watu, si ya mhalifu, na ni lazima niliandike hilo kwa haki yake. Njia ya pili ilikuwa kubishana: kuandika maelezo kwamba ni kosa la uandishi tu, tukiambatanisha taarifa za wanafunzi. Ya tatu ilikuwa kukubali dosari, kutangaza kwamba kazi zisizo na ushahidi hazihesabiki, na kuzirudia.

Mimi nilisimamia ya tatu. Sababu yangu ya kwanza haikuwa sheria. Ile njia ya kwanza ingewakalisha vijana 22 asubuhi moja, wakiwa na kalamu mkononi, wakijifunza kwa amri ya walimu wao jinsi ya kuandika kumbukumbu ya matengenezo ambayo si ya kweli. Baada ya miaka michache walewale wangekuwa uwanja wa ndege wa Wilson au wa Embakasi usiku, ndege imesubiriwa, bosi amesimama mlangoni, karatasi moja haijatimia. Wangekumbuka kwamba chuo chao kilikuwa na dawa ya hali hiyo.

Mkurugenzi aliuliza swali la mtu anayelipa mishahara: "Na wakitufungia?"

Nilimjibu kwamba tukifungiwa kesho, tutakuwa tumefungiwa kwa kuchelewesha sahihi, na chuo hufufuka kutoka hapo. Tukiandika upya na kugundulika, tutafungiwa kwa kughushi, na leseni ya Mwalimu itaondoka nasi. Alikaa kimya muda mrefu. Ada ya wanafunzi wapya wa Januari ilikuwa tayari imeshapangiwa matumizi. Karibu saa tatu usiku alisema, "Basi tukubali. Lakini wewe ndiwe utakayewaambia wazazi."

Mkutano wa Jumamosi

Uamuzi wa kuwaita wazazi haukutakiwa na mtu yeyote wa nje. Tulijua habari ingewafikia kwa WhatsApp kabla ya Jumatatu, na ingefika ikiwa imeota pembe.

Nilieleza kwa dakika ishirini kuhusu taratibu, dosari na mpango. Mama mmoja, mwuzaji wa mitumba Gikomba, alininyamazisha kwa swali moja: "Sasa, mwanangu anajua kazi au hajui?"

Nilikuwa natafuta jibu Mwalimu aliposimama. "Anajua, Mama. Mimi ndiye niliyekosa kuandika." Ukumbi ulitulia. Watu walimheshimu kwa kusimama, nami pia nilimheshimu. Lakini jibu lile lilikuwa ahadi, na siku ile hatukuwa na kitu cha kuiunga mkono.

Mpango uliorudishwa

Chuo kilitakiwa kuwasilisha mpango wa kurekebisha dosari, wenye chanzo cha kila dosari. Rasimu yetu ya kwanza niliiandika mimi, na ilikuwa mbaya. Chanzo niliandika: mwalimu hakutia sahihi kwa wakati. Hatua: mwalimu ameonywa. Nikapendekeza turudie zile kazi tu zilizohusisha vifaa vya kupimia, ili kuokoa muda.

Ilirudi. Swali lililoandikwa pembeni lilikuwa fupi: mfumo wa chuo ulikuwa wapi wakati mwalimu huyu akifanya hivyo kwa miezi? Niliona haya, kwa sababu ndilo swali ambalo mtu wa cheo changu hulipwa kuuliza.

Nilianza upya. Mara hii niliiandika ratiba ya karakana dakika kwa dakika, na majibu yakajitokeza yenyewe. Kipindi kilikuwa kinaisha saa kumi kamili na karakana inafungwa saa kumi kamili. Hapakuwa na dakika hata moja ya kutia sahihi. Mwalimu mmoja alikuwa na vijana 22 mbele yake, mwenzake akiwa darasani. Ulaya wanafunzi wa vitendo hawaruhusiwi kuzidi 15 kwa msimamizi mmoja. Marekani kikomo ni 25. Kwa hesabu ya Marekani tulikuwa sawa, lakini nimeiona karakana ile kwa macho yangu na nasema 22 ni wengi mno kwa jozi moja ya macho. Na juu ya yote, kiti cha ubora kilikuwa kitupu.

Kisha nikafungua mwongozo wetu wenyewe. Ukurasa wa taratibu za karakana ulisema vitabu vya kazi vitatiwa sahihi "kila siku kabla ya karakana kufungwa". Hakuna aliyekumbuka kuusoma. Sehemu kubwa ya mwongozo ule ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa chuo kingine wakati wa kuomba kibali. Tulikuwa tumehukumiwa kwa sentensi yetu, ambayo hata hatukuitunga.

Matokeo

Mpango wa pili ulikubaliwa. Chuo kilizuiwa kupokea wanafunzi wapya hadi dosari zifungwe. Darasa lililokuwapo liliendelea. Kufunga dosari kulichukua karibu miezi minne, na kati ya hiyo wiki sita zilikuwa za kurudia kazi zote zisizo na tarehe ya kuaminika. Mkurugenzi aliuza gari la chuo ili kulipa walimu wa ziada na vifaa. Wanafunzi watatu walihama. Mwingine alipoteza nafasi ya mafunzo kazini katika hanga moja ya Wilson kwa sababu barua yake ya kumaliza ilichelewa, na hakuwa na kosa lolote. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye kutia sahihi kwa muda, akafundisha chini ya mwenzake, na utaratibu mpya alitusaidia kuutunga yeye.

Katika kurudia, karibu wanafunzi wote walifanya kazi zao vizuri, wengi wao upesi kuliko mwanzo. Wawili walishindwa kazi ambazo vitabu vyao vilisema wamefaulu. Mmoja alisoma kwenye spana ya toki kipimo cha pauni-futi akidhani ni cha pauni-inchi. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo bolti aliyotaka kuikaza ingepata nguvu mara 12 ya iliyotakiwa. Ingekatika mkononi mwake au, vibaya zaidi, ingenyooka kimyakimya ikatoka karakanani. Mwana wa yule mama wa Gikomba hakuwa miongoni mwa hao wawili. Lakini angeweza kuwa, na siku ile ya mkutano hakuna aliyekuwa na namna ya kujua, hata Mwalimu aliyejibu kwa moyo safi.

Uchambuzi

Watu wa vyuo hulalamika kwamba karatasi zimezidi, na kuna mahali wana haki. Vyeti vya mwalimu mmoja tulivipeleka kwa mamlaka mbili kwa mipangilio miwili tofauti. Marekani nako malalamiko kama hayo yalidumu miaka: kanuni zao ziliwafunga vyuo kwa saa 1,900 za kozi ya mwili wa ndege na injini, hadi mabadiliko yaliyoanza kutumika tarehe 21 Septemba 2022 yalipoegemeza mafunzo kwenye viwango vya umahiri badala ya hesabu ya saa. Mimi naunga mkono mwelekeo huo. Lakini ukiondoa saa na kuweka umahiri, ule mstari wa kitabu cha kazi unakuwa na uzito zaidi, kwa kuwa saa unaweza kuzihesabu kwenye ratiba, ila umahiri hauna shahidi mwingine zaidi ya aliyeuona akaandika siku hiyohiyo. Sahihi ya papo hapo humlazimisha mwalimu kumtazama kijana mmoja na kujiuliza: huyu je? Sahihi ya Jumapili huandikwa kwa kulikumbuka darasa zima. Wale wawili walipotelea katika kumbukumbu ya darasa zima.

Kilichotusaidia kwanza ni kukubali siku ileile. Wakaguzi walipoona tunafungua makabati wenyewe, maswali yao yalibadilika kutoka "mnaficha nini" kuwa "mtarekebishaje". Kilichosaidia pia ni kwamba Mwalimu hakutupwa nje. Aliyefanya kosa ndiye aliyejua linavyofanyika. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: kipindi kiishe saa tisa na dakika 40, na kijana asirudishe kifaa ubaoni kabla kitabu chake hakijatiwa sahihi. Kwa kuwa kila mtu anataka kurudisha kifaa aende nyumbani, sahihi zilianza kudaiwa na wanafunzi wenyewe.

Mbinu ya mkaguzi nayo tuliichukua kama ilivyo. Kila Ijumaa nilichagua kazi moja bila kumwambia mtu, nikaifuata kutoka kitabuni hadi rejista ya darasa, kitabu cha getini, stika ya kifaa na hati ya mwalimu. Huchukua kama nusu saa. Ingefanywa mara moja tu katika ile miezi saba, kisa hiki kisingekuwapo.

Kilichoharibika kabisa ni kile kiti kitupu. Mkurugenzi aliona anaokoa mshahara mmoja. Mkuu wa masomo hakuwa mvivu. Alikuwa amepewa kazi isiyowezekana, kwani mtu hawezi kuwa mpishi na mwonjaji wa chungu kilekile halafu tutegemee aseme kimezidi chumvi. Na mimi, wiki zangu tano za kwanza nilizitumia kupanga mafaili yapendeze kwa ajili ya ukaguzi. Kitabu cha kazi cha mwanafunzi sikukifungua hata kimoja.

Waliotangulia

Baada ya dosari kufungwa tulirudi kwenye vitabu vya darasa lililomaliza kabla ya hili. Vinne vilikuwa na Jumapili zao. Wenye vitabu hivyo walikuwa wameshaondoka, wanahesabu miaka yao 2 mahali walipo. Tuliwaandikia, tukawaambia ukweli, tukawapa nafasi ya kurudi kurudia bila malipo. Wawili walikuja, mmoja akitokea kazini na ovaroli lake begani. Wa tatu alituma ujumbe kwamba atakuja akipata likizo. Wa nne simu yake haipatikani. Kitabu chake kiko kwenye kabati lisiloshika moto, na ndani yake nimebandika karatasi yenye tarehe na sahihi yangu, inayosema ni mistari ipi haijathibitishwa.